Mkoa Uliokuwa Barabara

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, na wakubwa wake wanasema hilo ni kosa la ramani. Jina lake sitalitaja, maana nikilitaja nitaulizwa nani aliniambia. Itoshe kusema ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri arobaini na wanane, na Mpango.

Mpango huo ulikuwa na jina refu kuliko barabara zake: Mpango Mkuu wa Muda Mrefu wa Usafiri wa Nchi Kavu katika Mkoa wa Kulekule. Uliandikwa kwa ajili ya miaka thelathini. Ulikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, ramani za rangi saba, na picha ya ng'ombe akivuka kwa adabu kwenye alama za pundamilia. Sheria ilisema kila baada ya miaka mitano lazima Mpango upitiwe, na kwa kweli kila baada ya miaka mitano ulipitiwa. Wataalamu waliupitia ukurasa kwa ukurasa, wakanywa chai, wakaurudisha kabatini. Barabara zilizokuwa ndani yake ndizo ambazo hazikuwahi kupitiwa na mtu.

Ulipofika mwaka wa ishirini na tano, kazi ya mapitio ilimwangukia Sikudhani Pazi, Afisa Mapitio Daraja la Pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyejua kutulia. Mguu wake wa kulia ulicheza chini ya meza wakati wote wa hotuba, na katika nchi ile hotuba hazikupungua nne kwa wiki. Alichaguliwa kwa sababu alizaliwa huko huko Kulekule, kijiji cha Mtakuja, na Mkurugenzi aliona hatahitaji kuoneshwa njia. Njia yenyewe haikuwepo, lakini hilo lilikuwa halijaandikwa mahali popote.

Gari la ofisi lilimfikisha kwenye mpaka wa mkoa. Hapo lami ilikatika ghafla, utadhani imeitwa nyumbani. Dereva akashuka, akaangalia mbele, akaufungua Mpango kwenye boneti, akaangalia mbele tena.

"Dada," akasema, "humu kitabuni kuna barabara ya njia nne. Mimi naona mihogo."

Siku mbili zilizobaki Sikudhani alikwenda kwa miguu, viatu mkononi, Mpango kichwani. Mtoni, mahali palipoandikwa Daraja la Urafiki, alivuka juu ya gogo. Alipomaliza kuvuka alikutana na wanaume wanne wakikimbia na kitanda cha kamba mabegani, na juu yake mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ameng'ata khanga.

"Wewe nani?" aliuliza aliyekuwa mbele.

"Afisa mapitio."

"Basi kaa pembeni, afisa, tupite sisi."

Nyumbani mama yake, Bi. Mwatatu, alimpokea akichechemea. Goti lile aliliumiza miaka miwili nyuma alipoteleza kwenye gogo la mto. Sikudhani alimwambia kwamba goti hilo lilitaka hospitali tangu siku ile ile.

"Hospitali iko ng'ambo ya mto, nje ya mkoa, mwanangu," alisema Bi. Mwatatu, "na mto ndio ulionivunja."

Sikudhani akaona uchungu, akaona na hasira. Akamwambia mama yake kwamba safari hii ataandika ukweli, liwalo na liwe. Bi. Mwatatu akamfungia kuku wa kuchoma kwenye jani la mgomba, akamwambia aandike kwa herufi kubwa, maana wale waliopita kabla yake huenda waliandika ndogo mno.

Sikudhani aliandika kwa herufi kubwa. Ripoti nzima ilikuwa sentensi moja: MKOA WA KULEKULE HAUNA BARABARA.

Mkurugenzi wa Mapitio, Bwana Athanas Mbiku, aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akafunga mlango. Alikuwa amesimamia mapitio manne bila kupitia tatizo lolote, na alibakiza miezi saba astaafu.

"Binti," akasema, "hii ni ripoti au ni matusi?"

"Ni hali halisi, mzee."

"Hali halisi kila mtu anayo kwake. Serikali haiulizi hali halisi, inauliza hali." Akamsogezea Fomu Namba Saba. Ilikuwa na kisanduku kimoja, na juu yake maneno haya: HALI YA MKOA KWA JUMLA (neno moja, lisizidi herufi nane).

Sikudhani akahesabu kwa vidole. "Mbaya ina herufi tano. Inaingia."

"Inaingia kwenye fomu, na wewe unatoka ofisini." Bwana Mbiku hakuwa mtu mkali. Alisema hayo kwa huruma kabisa, jinsi daktari wa meno anavyomwambia mtu afungue mdomo. "Una mama mgonjwa, nasikia. Dawa zake zinatoka kwenye kazi hii. Weka neno lolote zuri, mradi liwe zuri, twende tukanywe chai."

Mguu wa Sikudhani ukacheza chini ya meza kwa muda mrefu. Aliwaza kuandika "shwari", akaona hilo ni la baharini, na Kulekule hakuna hata bwawa. Aliwaza kuandika "salama", akakumbuka neno hilo lina wenyewe, na wenyewe huja na gari lenye vioo vyeusi. Ndipo likamjia neno ambalo kila mtu wa nchi ile hulitumia akiulizwa habari za kazi, za nyumbani au za tumbo. Lilikuwa na herufi nane kamili. Tena alijiona mjanja, kwa sababu angalau jina la kitu kilichokosekana lingeonekana kwenye fomu. Akafuta ripoti yake, na katika kisanduku akaandika: BARABARA.

Fomu ikaenda wizarani, katika Idara ya Majumlisho, ambako watumishi walijumlisha na hawakuuliza. Karani mmoja akasoma: Mkoa wa Kulekule kwa jumla, barabara. Akafungua kitabu cha ukubwa wa mikoa, akaona kilomita za mraba elfu thelathini na moja na arobaini, akaziandika zote kwenye safu ya barabara zilizokamilika. Kisha akaenda kula.

Wiki iliyofuata Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Gervas Malolela, alisimama bungeni na suti mpya. Sikudhani alimwona kwenye televisheni ya ofisini, pamoja na wenzake waliokuwa wakimenya machungwa.

"Mheshimiwa Spika!" alinguruma Waziri. "Wenzetu wa nchi jirani wanajenga barabara ndani ya mikoa. Sisi hatua hiyo tumeivuka. Sisi tumejenga mkoa ndani ya barabara! Urefu wake ni kilomita mia moja na sitini. Na upana wake, hapa naomba waheshimiwa washike viti, upana wake ni kilomita mia moja na tisini na nne!"

Meza zikapigwa mpaka glasi mbili zikaanguka. Mbunge wa Kulekule, ambaye hakuwa amekanyaga kwao tangu kampeni, akasimama kuishukuru serikali kwa barabara isiyo na kona hata moja. Kwa kuwa hakukuwa na kiwanda cha kufuma utepe wa upana ule, Waziri alikata utepe wa urefu wa rula, kwa niaba ya utepe wote.

Wenzake Sikudhani walicheka, naye alicheka nao. Alidhani kesho yake mtu atagundua. Katika nchi ile, hata hivyo, kugundua hakukuwa kazi ya mtu yeyote.

Barabara ilipokwisha zinduliwa, sheria zake zilifuata. Ziliongozwa na Sajini Tuntufye wa kikosi cha usalama barabarani, aliyefika Kulekule na askari ishirini, tochi za kupimia mwendo na ndoo za rangi nyekundu. Walikuja kwa miguu kwa sababu ya ubovu wa njia, wakitukana kila hatua. Walipofika tu wakaanza kazi.

Siku ya pili ya kazi hiyo simu ya Sikudhani ililia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nipinde kwenye choo... haya, sema."

"Mbona unahema? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea tu. Tumekatazwa kusimama."

"Nani kakataza?"

"Sajini. Anasema hapa ni katikati ya barabara, na katikati ya barabara hakusimamwi, hakupikwi, wala hakuanikwi mpunga. Tangu jana naizunguka nyumba. Nikitaka kukaa lazima nitandaze matawi mbele na nyuma, kama lori lililoharibika, na nisizidishe nusu saa." Akakatika pumzi kidogo. "Goti linanisema, Sikudhani. Linanisema vibaya."

"Ingia ndani, mama, ulale!"

"Ndani ya nini? Nyumba imepigwa X. Iko ndani ya hifadhi ya barabara, tumepewa siku kumi na nne. Na kaburi la baba yako nalo limepigwa X. Sajini anasema marehemu ameegesha vibaya."

Mama yake alisikika akivuta mguu kwenye kokwa za maembe.

"Wewe si uko huko huko ofisini?" alisema Bi. Mwatatu. "Ni nani huyo aliyetuandika sisi barabara? Hujasikia?"

"Nitaulizia, mama," alijibu Sikudhani, na uso ukamwaka moto ingawa alikuwa peke yake chumbani.

Kule Mtakuja hakuna aliyetulia tena. Mwalimu alitembea mbele na ubao mgongoni, darasa likamfuata likisoma mgongo wake, na wenye mwendo mdogo walikosa hesabu za kugawanya. Wanawake walisonga ugali kwenye matoroli yanayosukumwa. Ng'ombe walikamuliwa wakienda, na mkamuaji akienda. Kuku saba walikamatwa kwa kuvuka pasipo pundamilia. Majirani wawili waliokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba walilazimika kushika kushoto kila mmoja kwa upande wake, hivyo walikutana mara moja tu kwa kila mzunguko, na tusi moja lilichukua asubuhi nzima kujibiwa. Kulala kuliruhusiwa ndani ya chombo kinachotembea, kwa hiyo watu walisukumana kwa zamu, na aliyeamka alisukuma aliyesinzia. Mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano wa dharura. Akidi ilitimia, ikapita, ikaishia upande wa pili wa kijiji kabla ajenda haijafunguliwa.

Na mjini Sikudhani naye hakukaa. Alianza na Bwana Mbiku.

"Nilikuomba neno zuri, ukaandika neno zuri," alisema Mkurugenzi, amefurahi kweli. "Waziri amenipigia simu mwenyewe. Sasa shida iko wapi?"

"Wanabomoa nyumba ya mama yangu, mzee."

"Hiyo ni hoja ya mapitio. Mapitio yajayo ni baada ya miaka mitano. Iandike vizuri, tuiweke kwenye jalada, na Mungu akituweka hai tutaisoma."

Akaenda Ofisi ya Ufutaji, ghorofa ya tatu, ambako dada mmoja mpole alikuwa akipaka rangi kucha.

"Sisi tunafuta barabara zilizoharibika," alisema dada yule. "Hiyo yako imeharibika wapi?"

"Haikuharibika. Haipo kabisa."

"Isiyokuwepo itaharibikaje, dada'angu?" Akamtazama kwa kumhurumia. "Kwanza iharibike, halafu uje."

Akapelekwa Ofisi ya Lugha, wakamrudisha Ofisi ya Mikoa, wakamwelekeza chumba namba tisini, kilichokuwa stoo ya mifagio. Alikuwa akila amesimama na kulala kidogo kwenye benchi la ukumbini. Kila jioni alimpigia mama yake, na kila jioni sauti ya mama ilikuwa imepungua. Siku ya tisa Bi. Mwatatu alisema goti halipindi tena, kwa hiyo anazunguka nyumba kwa kuburuta mguu, na Sajini amemwandikia onyo la kuendesha chombo kibovu.

Siku ya kumi Sikudhani alijipenyeza nyuma ya wapiga picha, akafika mpaka kwenye meza ya Waziri.

"Mheshimiwa," akasema haraka haraka kabla hawajamshika, "mimi ndiye niliyeijaza ile fomu ya Kulekule. Lile neno barabara halikuwa na maana ya barabara. Lilikuwa na maana ya sawasawa. Kwamba mkoa uko barabara, kila kitu ni sawa."

Waziri Malolela akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo unataka niseme si barabara?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nisimame bungeni niseme Kulekule si barabara." Akageuka kwa wapiga picha. "Mmesikia? Huyu anasema mkoa wangu si barabara. Anasema mambo hayako sawa."

"Hapana, mheshimiwa, mambo yako..." Sikudhani akakwama. Akisema mambo yako barabara, amekubali. Akisema hayako barabara, amehaini. Alifungua mdomo mara tatu akaufunga mara tatu, na kwa jinsi alivyochoka machozi yakamtoka mbele za watu.

Akageukia dirishani ayafiche. Chini pale, mbele ya wizara, ilikuwepo barabara iliyofungwa kwa matengenezo tangu yeye yuko shule. Mama mmoja alikuwa amejinyoosha juu ya mkeka katikati ya lami. Mwingine ameanika dagaa. Wazee wawili walicheza drafti wakijikuna migongo. Hapakuwa na askari, hapakuwa na tochi. Katika mji ule wote ulioshinda ukikimbizana, hapo tu ndipo watu walipumzika.

Sikudhani akajifuta uso, akageuka.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "nilikosea kueleza. Barabara ipo. Ni kubwa mno. Lakini barabara kubwa kiasi kile, isipofanyiwa matengenezo, si itakuwa aibu? Naona heri ifungwe. Yote. Na jiwe la msingi la matengenezo uliweke wewe mwenyewe."

Uso wa Waziri ukaanza kung'aa kuanzia kwenye masikio. Nchi jirani hazikuwa na barabara pana vile, na kwa hiyo hazingeweza hata kuota kuwa na matengenezo mapana vile.

"Huyu binti," akawaambia wapiga picha, "ni mzalendo." Akasaini amri ya kuifunga hapo hapo.

Tangazo lilisomwa redioni siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi: Barabara ya Kulekule imefungwa kwa matengenezo kuanzia sasa mpaka taarifa nyingine, na hairuhusiwi kutumika kwa mwendo wa aina yoyote.

Kule Mtakuja watu walisikiliza wakitembea. Walipofika kwenye maneno "mwendo wa aina yoyote" walipunguza hatua, wakatazamana, wakasimama. Kisha mkoa mzima ukakaa chini. Walikaa kwenye vumbi, kwenye vinu, kwenye vizingiti vya nyumba zao zenye X, na kwa muda mrefu walisikiliza miguu yao. Greda la kubomolea lililokuwa njiani likageuzwa, kwa kuwa nalo lilikuwa ni mwendo. Marehemu Pazi akaendelea kuegesha pale pale.

Sikudhani hakukumbuka lini alifurahi vile. Akaomba likizo, akanunua dawa, bandeji na mkongojo wa chuma, akapanda basi, akashuka, akapanda jingine, na siku ya tatu akafika pale lami inapokatika.

Palikuwa na nguzo imelazwa juu ya mapipa mawili, imepakwa nyekundu na nyeupe. Kando yake bango: BARABARA IMEFUNGWA. SAMAHANI KWA USUMBUFU. TUMIA NJIA MBADALA. Chini ya bango alikaa Sajini Tuntufye na daftari kubwa jipya mapajani. Upande wa pili wa nguzo, ndani ya toroli, alikuwamo Bi. Mwatatu. Alipopigiwa simu kwamba mwanawe yuko njiani aliwaomba majirani wamsogeze mpakani, nao wakamsukuma siku mbili kwa kuibia ibia, wakimvusha gogo la mto mgongoni na wakijificha kwenye mihogo. Goti lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa, na hata macho yake yalikuwa na homa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Sikudhani akakimbilia nguzo. Sajini akanyoosha mkono.

"Hapiti mtu. Barabara imefungwa."

"Nataka nimpe mama dawa tu."

"Kikivuka kitu hapa, huo ni usafirishaji."

"Basi yeye atoke, nimpeleke hospitali."

"Akitoka atakuwa ametumia barabara." Sajini aliyasema hayo bila ubaya, anatazama pembeni. "Mimi nimeagizwa, dada."

"Matengenezo yataisha lini?"

"Yakianza nitakwambia."

"Na hiyo njia mbadala iko wapi?"

"Itakuwemo kwenye Mpango ujao. Huu wa sasa umebakiza miaka mitano."

Sikudhani akaishika nguzo kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyemwambia Waziri afunge. Alimwokolea mama yake nyumba, na sasa mama yumo ndani ya mkoa kama pesa ndani ya kibubu, hatoki mpaka kivunjwe.

"Usilie," alisema Bi. Mwatatu. "Sasa angalau tunakaa. Ila kile nilichokuuliza hukunijibu. Ulimjua mtu aliyetuandika barabara?"

"Nilimjua."

"Nani?"

Majirani wawili walioshika toroli wakatega masikio. Sikudhani akatazama vidole vya miguu yake.

"Ni mimi, mama. Niliandika ukweli kama nilivyokuahidi. Wakaniambia nifute, nikafuta. Niliogopa kufukuzwa."

Upepo ukapita kwenye mihogo. Majirani wakageuza nyuso, wakajifanya wanahesabu majani.

"Siku kumi na moja," alisema Bi. Mwatatu mwishowe, taratibu, "nimeizunguka ile nyumba nikimlaani mtu huyo. Yeye na mama aliyemzaa." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya safari, akaficha uso kwenye khanga. "Kumbe nilikuwa najipiga mwenyewe."

Sikudhani aliona aibu mpaka masikio yakavuma. Hakuna ofisi iliyowahi kumwaibisha vile. Akageuka kwa Sajini.

"Hapa hakipiti kitu chochote? Chochote kabisa?"

"Vifaa vya matengenezo tu. Lami, saruji, nondo, kokoto."

"Vimekwisha kupita vingapi?"

Sajini akalifunua daftari lake, akalifunika upesi, lakini Sikudhani alikwisha kuona. Kurasa zilikuwa nyeupe. Sajini akakuna shingo.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa," akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza alionekana naye ana mke na watoto mahali fulani. "Sijui nitawaonesha nini."

"Niandike mimi."

"Nikuandike nini?"

"Kokoto."

Sajini akamtazama kuanzia utosini mpaka nyayo, kisha akatazama tena, kikazi zaidi. "Ukipita hutoki, dada. Vifaa haviruhusiwi kurudi. Na kazi yako je?"

"Umewahi kuona kokoto ina kazi ofisini?"

"Kiasi gani?"

"Tripu moja."

"Nusu inchi au robo tatu?"

Sikudhani akafikiri. "Robo tatu."

Sajini akaandika kwa mwandiko mzuri sana, akapiga muhuri kwenye daftari, akapiga mwingine kwenye mkono wa Sikudhani. Sikudhani akainama apite chini ya nguzo, lakini Sajini akamzuia, akainyanyua nguzo mpaka juu kabisa, kwa sababu kokoto haiinami. Sikudhani akaingia na mkongojo, bandeji na dawa, vyote vikiwa sehemu ya tripu. Akapiga magoti kando ya toroli, akalishika goti la mama yake kwa mikono miwili.

Ijumaa wakaguzi walifika, wakalisoma daftari, wakaridhika, wakapeleka habari Makao Makuu kwamba kazi imeanza kwa kishindo. Mpaka leo hiyo ndiyo kokoto pekee iliyowahi kufika Kulekule, na kila asubuhi inaonekana pale Mtakuja imekaa kizingitini, inamkanda Bi. Mwatatu goti.